Kabla ya kuhesabu maghorofa ya mwendokasi, hesabu vyumba

Kila kikao cha mipango miji kinachohusu Barabara ya Morogoro, Dar es Salaam, huja na michoro ile ile: maghorofa yamejipanga kandokando ya njia ya mabasi, miti imestawi, watu wanatembea bila haraka. Sina ugomvi na michoro. Kituo cha usafiri wa uhakika hupandisha thamani ya ardhi, na ardhi ikipanda bei watu hujenga kwenda juu. Ninachotaka kujua ni kitu kidogo zaidi. Ile nyumba inayovunjwa ili kupisha ghorofa ilikuwa na vyumba vingapi vya kupanga, na waliokuwamo wamekwenda wapi?

Awamu ya kwanza ya mwendokasi, mabasi yenye njia yao peke yao, ilianza kazi Mei 2016, kilomita kama 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na matawi ya Gerezani na Morocco. Katikati inapita Manzese na Magomeni, na Magomeni ndiko penye somo. Nyumba ya Kiswahili ya pale ina korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani kuna choo, bomba na mahali pa kupikia. Mwenye nyumba anakaa kimoja au viwili, vingine anapangisha. Kiwanja kimoja chenye nyumba ya chini tu kinabeba kaya nne, tano, hata sita. Ukitembea mitaa hiyo unaona ilivyosongamana bila ghorofa hata moja. Na wapangaji hao ndio abiria wenyewe: muuza duka wa Kariakoo, mama lishe wa Posta, mlinzi anayeingia zamu ya usiku.

Kituo kikifika, badiliko la kwanza halihitaji mwekezaji wala mchoro. Mwenye nyumba inayotazama barabara anatoboa ukuta wa mbele, anaweka mlango wa chuma, vyumba viwili vinageuka fremu za biashara. Wakala wa pesa za simu analipa vizuri kuliko familia, tena hapiki uani wala hamalizi maji. Nyuma ya hapo dalali anaongeza maneno "karibu na mwendokasi" kwenye tangazo lake, na anayedaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo anaanza kuulizia vyumba vya mbali.

Badiliko la pili ni ubia, na Kariakoo tumeliona tangu miaka ya 1990. Familia ina kiwanja, mwekezaji ana fedha. Wanaandikiana, nyumba inavunjwa, ghorofa likisimama kila upande unachukua sehemu yake. Wakati wa ujenzi mwekezaji huilipia familia kodi mahali pengine. Ubia mzuri upo, na tangu Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 familia inaweza kudai hati ya sehemu yake badala ya kuridhika na ahadi kwenye karatasi ya wakili. Wengi bado hawaidai. Ila hata kwenye ubia mzuri kabisa mezani wanakaa wawili, mwenye kiwanja na mwenye fedha. Mpangaji anapewa notisi.

Nyumba nyingi za Magomeni ni za mirathi. Warithi saba, mmoja yuko Muscat, mmoja hataki kusikia habari ya kuuza, shauri limelala mahakamani. Wenzangu huita hiyo kikwazo cha maendeleo. Mimi naona ndiyo iliyowapa wapangaji nafasi ya kupumua.

Mfano ambao watu hupenda kunitajia ni Magomeni Kota. Kaya 644 ziliondolewa kwenye nyumba za zamani, zikasubiri miaka, na Machi 2022 Rais Samia akazindua maghorofa yenye nyumba 644. Nyumba moja kwa kila kaya: hesabu hiyo naiheshimu, kwa sababu mtu alikaa chini na orodha ya majina kabla ya kumwaga zege. Lakini iliwezekana kwa kuwa ardhi ilikuwa ya serikali. Pembeni ya Kota, kwenye viwanja vya watu binafsi, orodha kama hiyo haipo.

Wengine hunitajia Hong Kong. Kule kampuni ya reli, MTR, hupewa haki ya kuendeleza ardhi ya juu ya stesheni kwa bei ya kabla ya reli, kisha inagawana faida na wajenzi na kulipia reli yenyewe. Mpango mzuri kwa mwenye ardhi tupu. Sisi njia yetu imepita katikati ya watu. Ardhi ya umma tuliyokuwa nayo jirani kabisa na kituo, pale ilipokuwa stendi ya mabasi ya mikoani Ubungo, tumeijengea kituo cha biashara chenye maduka zaidi ya 2,000. Biashara sawa. Vyumba je?

(Jangwani msinitajie. Bonde la Msimbazi hufurika, karakana ya mabasi yenyewe imeshaogelea mara nyingi. Si kila kituo ni mahali pa kujenga nyumba.)

Kwenye njia ya mwendokasi ya Mbagala, Barabara ya Kilwa, bado tuna muda, na ninachopendekeza hakihitaji fedha za mfadhili. Mwombaji wa kibali cha ghorofa ndani ya mwendo wa dakika kumi kutoka kituoni ajaze idadi ya kaya zinazoishi kwenye nyumba anayovunja, mjumbe wa shina athibitishe, na jengo jipya lirudishe angalau vyumba hivyo hivyo vya bei ya chini, hata kama ni chumba kimoja chenye choo cha pamoja. Kwa kubadilishana, aruhusiwe ghorofa moja au mbili za ziada, na asilazimishwe kutenga maegesho kwa wapangaji wasio na magari. Eneo la gari moja linatosha chumba. Wajenzi niliowaeleza hawakubishia vyumba; walichouliza ni nani atahakikisha jirani yao naye anajaza fomu hiyo kwa ukweli, na jibu langu ni kwamba fomu zibandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, ambako wapangaji wenyewe watazisoma.