Je, wajua kwa nini gongo zito la kriketi hukufanya ujione una kasi usiyokuwa nayo?

Shika gongo la kriketi la mazoezi, lile linalotengenezwa nene na zito kupita kiasi, la kama kilo 2. Lizungushe mara kumi. Kisha liweke kando, ushike gongo lako la mechi, ambalo kwa kawaida huwa kati ya kilo 1.1 na 1.4. Mara moja litakuwa kama ufito. Mikono inaruka yenyewe, mabega yamefunguka, na unajiambia kwamba leo hakuna mrushaji atakayekuweza.

Wepesi unaouhisi upo kweli. Kasi ndiyo haipo.

Waliolichunguza jambo hili zaidi ni watu wa besiboli. Huko Marekani, tangu miaka ya 1960, wapigaji wamekuwa wakivika gongo pete nzito ya chuma wanaposubiri zamu yao. Elston Howard, mdakaji wa timu ya New York Yankees, ni mmoja wa walioieneza pete hiyo. Ilionekana ni busara isiyohitaji ushahidi. Baadaye watafiti walipoanza kupima kasi ya gongo kwa vyombo, matokeo yaliwashangaza: katika tafiti kadhaa, waliopasha misuli kwa gongo zito sana walizungusha gongo lao la kawaida polepole kuliko waliopasha kwa gongo la uzito wa karibu na lile la mchezo. Ajabu zaidi, wachezaji haohao walipoulizwa wanavyojisikia, walijibu kwamba gongo limekuwa jepesi na wao wamekuwa wa haraka.

Inakuwaje mwili ujidanganye hivyo? Kumbuka siku uliyonyanyua ndoo ukidhani imejaa maji, kumbe ni tupu. Iliruka juu, pengine ikakugonga. Ubongo haungoji kuupima uzito ndipo uamue nguvu ya kutumia. Hukisia mapema, kwa kufuata kile ulichokishika muda mfupi uliopita. Baada ya gongo zito, ubongo umejizoesha kutarajia uzito, na gongo la kawaida linapokuja chini ya matarajio hayo, tofauti hiyo ndiyo unayoihisi kama wepesi. Ni hisia ya kulinganisha tu. Saa haijabadilika. Isitoshe, misuli imechoka kidogo na imetoka kurudia mwendo wa polepole mara kumi mfululizo, na ndio mwendo inaoukumbuka.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulipita, nami naliona ndilo kubwa zaidi: uzito umekaa wapi. Kitu kinachozungushwa hukaidi kulingana na mraba wa umbali kutoka kwenye mhimili wake. Gundi gramu 200 za madini ya risasi kwenye gongo, sentimita 20 kutoka mikononi, na huenda usione tofauti kubwa. Zisogeze hadi sentimita 80, karibu na ncha, na ukaidi wa gramu zilezile unakuwa mara 16. Kwa hiyo magongo mawili yenye kilo sawa kwenye mizani yanaweza kuwa vitu viwili tofauti kabisa mkononi. Wachezaji wazoefu wanalijua hili bila hesabu. Hulinyanyua gongo kwa mkono mmoja na kulisikiliza linavyoinuka.

Mtazame mtu anayezungusha gongo lenye ncha nzito mno. Mikono inatangulia, ncha inabaki nyuma. Ili kuifukuzia, kiwiko cha mbele kinafunguka, bega linashuka, na gongo linakuja kwa njia ya mviringo badala ya kushuka wima kwenye mstari wa mpira. Akirudia mara mia kwa wiki, anajifunza pigo jingine. Mpira wa kilomita 140 kwa saa hufika kwa mpigaji chini ya nusu sekunde, na sehemu kubwa ya muda huo huishia kwenye kuuona na kuamua. Katika kipande kinachobaki, mwili hufanya ulichouzoesha, kizuri au kibaya.

Basi tulitupe gongo zito? Hapana. Kuzungusha mti mzito ni njia ya zamani sana ya kujenga mabega, vigasha na mshiko. Wanamieleka wa India wana marungu yao mazito, mugdar na gada, wale wa Iran wana yao, meel, na kuzungusha rungu kulikuwa mchezo wa Olimpiki mwaka 1904 na tena 1932. Nguvu hiyo ni halali, na mwenye nguvu ana akiba ya kulipeleka gongo lake kwa kasi zaidi. Ila haiji kwa dakika tano kabla ya kuingia uwanjani. Huja kwa wiki nyingi za misuli kuchoka, kupumzika na kujengeka. Gongo zito ni mwenzake dambeli: mahali pake ni siku ya mazoezi ya nguvu, mizunguko michache ya taratibu, bila mpira wa kasi. Kwa kupasha misuli kabla ya kupiga, tofauti ya asilimia 10 hivi juu au chini ya uzito wa gongo lako inatosha.

Kwa watoto ningekuwa mkali zaidi. Kano za kiwiko na kifundo cha mkono huchelewa kuimarika kuliko misuli, na gongo linalomvuta mtoto humfundisha kujipinda kabla hajajua kusimama.

Sheria zenyewe hazitakuzuia. Mwaka 1771 huko Uingereza, mchezaji aitwaye White alikuja na gongo pana kama wiketi nzima, yaani vile vijiti vitatu anavyovilinda mpigaji, na wapinzani wake wa klabu ya Hambledon wakaandika kikomo cha inchi 4.25, sawa na sentimita 10.8, ambacho kinatumika hadi leo. Unene nao uliwekewa mpaka mwaka 2017. Uzito haujawahi kuwekewa. Ndiyo maana Sachin Tendulkar, mpigaji nyota wa India, alicheza na gongo la zaidi ya kilo 1.4, ilhali Don Bradman, mpigaji nyota wa Australia, alitamba na la kama kilo 1. Bradman huyo, akiwa mtoto Bowral, Australia, alijifunza kwa kupiga mpira wa gofu uliodunda kwenye msingi wa tangi la maji, akitumia kijiti cha wiketi badala ya gongo. Alitafuta wembamba na wepesi, akaumaliza mchezo wake wa kimataifa na wastani wa mikimbio 99.94 kwa kila mara alipotolewa.

Ukitaka kujua gongo zito linakufanyia nini wewe, huhitaji maabara. Weka simu kwenye hali ya mwendo wa polepole, ile ya picha 240 kwa sekunde. Jirekodi ukizungusha gongo lako mara tano, pumzika, zungusha zito, kisha rudia lako mara tano. Hesabu picha tangu gongo linapoanza kushuka hadi linapofika pale mpira ungekuwa. Picha zikiwa nyingi kuliko mwanzo, umepungua kasi, hata kama mikono inakuapia vinginevyo.