Panki na muziki wa jadi wa Iran: yanayodhaniwa na yalivyo

Dhana: jadi ni ya watiifu, uasi uliletwa na gitaa la umeme.

Aref Qazvini aliimba tasnif, nyimbo za jadi zenye mdundo, za kudai katiba katika mapinduzi ya 1905–1911. Mwaka 2009 Mohammad-Reza Shajarian, gwiji wa uimbaji wa jadi, aliitaka redio na televisheni ya taifa iache kupiga nyimbo zake, baada ya waandamanaji kuitwa takataka. Panki, yaani roki ya kasi na ya uasi, inaongeza kelele tu, hasira ilikuwepo.

Dhana: gitaa haliwezi robo toni, sauti iliyo katikati ya noti mbili za gitaa zinazofuatana, kwa hiyo mchanganyiko utasikika wa Kizungu.

Hapa ndipo wengi hukwama, ilhali dawa imo ndani ya panki yenyewe. Chukua dastgah (mfumo wa noti wa jadi) ya Shur inayoanzia Re. Noti yake ya pili ni Mi koron, yaani Mi iliyoshushwa takriban robo toni. Gitaa la panki hupiga noti mbili kwa pamoja, ya msingi na ya tano yake, ya tatu haipo. Ukijenga juu ya Re, Fa, Sol, Si bemoli na Do, hugusi Mi hata mara moja. Koron inabaki huru kwa mwimbaji au kamancheh, fidla ya Iran. Epuka La na Mi kama msingi, maana ya tano ya La ni Mi. Ukipiga Do-Mi-Sol kamili, Mi ya gitaa itagongana na ya mwimbaji, na mkwaruzo wa spika utalikuza gongano hilo hadi ionekane mwimbaji ndiye aliyekosea. Tahadhari moja: katika Shur noti ya tano, yaani La, nayo hushuka wakati mwingine. La ikishuka, piga Re peke yake, ya chini na ya juu.

Ukitaka gitaa lenyewe litoe koron, funga uzi wa nailoni shingoni kati ya Mi bemoli na Mi, kama zinavyofungwa freti (vizuizi vya shingoni) za setar, chombo cha nyuzi cha Iran. Usizidi kimo cha freti za chuma, la sivyo nyuzi zitavuma.

Dhana: sita kwa nane, mdundo wa mapigo sita, ni ya harusini, haibebi panki.

Inabeba. Ngoma ya mguu pigo la kwanza, sneya (ngoma ya sauti kali) la nne, kasi juu. Tatizo halisi ni daf, ngoma bapa ya mkononi: pete zake za ndani na matoazi hugombania sauti zilezile kali, basi mpiga matoazi ajizuie.

Dhana: jadi ya Iran ni ya Waajemi.

“Jin, jiyan, azadî”, yaani mwanamke, maisha, uhuru, kilio cha waandamanaji wa 2022, ni Kikurdi. Kusini, Bushehr na Hormozgan, kuna ngoma na tambiko la zar, la kutuliza pepo, vilivyobebwa na watu wenye asili ya Afrika Mashariki, na panki ingepata humo mapigo mazito kuliko ya Tehran.

Dhana: serikali huchukia muziki wa Magharibi tu.

Kibali cha Wizara ya Utamaduni huhitajika kwa setar pia, na mwanamke haruhusiwi kuimba peke yake mbele ya wanaume, hata wimbo wa kijijini kwao. Wenye magitaa hawakusalimika: wanamuziki wawili wa Confess, bendi ya metali, walikamatwa 2015 na baadaye wakapata hifadhi Norway.