Kwa nini mpingo huzama na msufi huelea?

Bagamoyo ina mafundi wa miti wa kila aina. Ufukweni wako wanaochonga ngalawa kwa gogo la mwembe na kuziba mashua kwa pamba. Ukipanda kuelekea mjini unawakuta wachonga vinyago, miguuni mwao vibanzi vyeusi vya mpingo. Chukua kibanzi cha huku na cha kule, vyote vikavu, uvitupe ndani ya ndoo ya maji. Cha mwembe kitaelea. Cha mpingo kitashuka hadi chini kama kokoto.

Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu kwamba mpingo ni mti mzito. Hilo si jibu, ni swali lile lile limevalishwa kanzu. Mzito kwa sababu gani?

Je, wajua kwamba kile kinachojenga mti, yaani kuta za seli zake, kina uzito unaokaribia kulingana katika miti yote duniani? Sentimita moja ya ujazo ya ukuta huo ina gramu 1.5 hivi, uwe umetoka kwenye mpingo, mwembe au msufi ule unaotupa sufi ya mito. Maji yana gramu 1. Kwa hiyo nyama ya mti, ukiipata tupu, huzama siku zote. Kinachoelea ni hewa iliyofungiwa humo ndani. Ndiyo maana gogo lililokaa baharini mwaka baada ya mwaka hatimaye huenda chini: maji yamechukua nafasi ya hewa.

Mpingo mkavu una gramu 1.2 hadi 1.3 kwa kila sentimita ya ujazo. Piga hesabu: takribani sehemu nne kati ya tano ni kitu kigumu, moja ndiyo nafasi wazi. Msufi una karibu gramu 0.3, basi hesabu inageuka kichwa chini miguu juu. Sehemu nne ni hewa, moja ndiyo mti. Mninga na mtiki wako katikati, kwenye 0.6 na kitu. Huhitaji maabara kuyajua haya. Chukua kijiti kirefu kilichonyooka, kikavu, kisimamishe wima ndani ya chupa ndefu ya maji huku ukikizuia kwa kidole kisilale. Kikizama nusu ya urefu wake, densiti yake, yaani gramu zake kwa kila sentimita ya ujazo, ni 0.5. Kikizama robo tatu, 0.75.

Sasa, nafasi hizo wazi zimekaa wapi? Tazama mahali msumeno ulipolikata gogo kwa mkato, si ubavuni mwake. Kwenye mninga utaona vitundu kwa macho yako. Hiyo ni mirija iliyokuwa ikipandisha maji kutoka mizizini. Baina ya mirija kuna nyuzi, ambazo kazi yake ni kuubeba mti usianguke, na hizo nyuzi ndizo zinazoamua mengi. Za msufi zina kuta nyembamba na uwazi mpana. Za mpingo zina kuta nene kiasi kwamba tundu la kati limebaki kama la sindano, na kiini chake kimejaa utomvu mweusi. Mirija yake nayo ni midogo na michache. Kwa sababu hiyo mpingo hukubali kukerezwa karibu kama chuma, na ndio unaotengenezewa klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, huko Ulaya.

Kila mti una shida zake zilizouumba hivyo. Msufi hukimbilia jua. Hujenga haraka na kwa gharama ndogo, kama mtu anayepandisha nyumba ya makuti. Mpingo huota polepole kwenye ardhi kavu, na huweza kupita miaka 70 kabla haujafaa kuvunwa. Mkoko nao, ule wa kwenye delta ya Ruvu, hunywa maji ya chumvi, na kuyavuta maji hayo kunahitaji nguvu kubwa mno. Mirija mipana ingekatika maji njiani, kwa hiyo mkoko una mirija myembamba, mingi, iliyozungukwa na kuta imara. Wazee wetu hawakuijua hiyo mirija, lakini waliijua boriti. Vyumba vya nyumba za kale za mawe ni vyembamba kwa kuwa upana wake ulifuata urefu wa boriti ya mkoko.

Umbo la nje hudanganya. Mvinje wa ufukweni una majani kama sindano, na watu huudhania ni ndugu wa msonobari wa kule Shume, Lushoto. Si ndugu yake. Msonobari hauna mirija kabisa: seli zile zile nyembamba hupandisha maji na papo hapo hubeba mti, na mbao zake ni nyepesi. Mvinje una mirija na nyuzi, ni mzito, na moto wake ni wa kuaminika.

Na kuhusu moto, hapa ndipo mama wa jikoni hupunjwa. Kilo ya kuni kavu za mti mwepesi hutoa joto linalokaribiana na kilo ya mti mzito. Lakini mkaa hatuununui kwa kilo, tunaununua kwa gunia na kwa kopo. Gunia la mkaa wa mti mwepesi limejaa hewa, nawe umeilipia.

Uzito, hata hivyo, si uimara. Mtiki wa Longuza, Muheza, ni nusu ya uzito wa mpingo, lakini mchwa huuogopa kwa ajili ya mafuta yaliyomo kwenye kiini chake. Mvule nao hufanya kituko: huweka mawe ya chokaa ndani ya shina, na fundi hugundua pale tu meno ya msumeno yanapong'oka.

Mti unaovunja hesabu zote ni mnazi. Kwa ukoo uko karibu na mahindi na mianzi kuliko mwembe, na haunenepi kwa kuongeza pete mwaka hadi mwaka. Nyuzi zake ngumu zimesongamana pembeni, katikati zimetawanyika. Ukiupasua mnazi mzee, ubao wa pembeni hukataa msumari mpaka utangulize keekee, na wa katikati unaubonyeza kwa kucha.