Jana Imewaka, Leo Imegoma: Maneno ya Ufukweni Kuhusu Mashine za Boti

Mashine iliyokufa moja kwa moja hainisumbui. Naifungua, naona kilichovunjika, basi. Inayonitoa jasho ni ile inayogoma alfajiri, barafu imeshapakiwa na mabaharia wamekaa, halafu saa nne ikiletwa kwangu inawaka kwa mvuto mmoja. Mwenyewe anabaki anaitazama kama vile imemuumbua. Hapo kila mtu ufukweni anakuwa fundi.

"Plagi hiyo, badilisha."

Plagi hulaumiwa kwanza kwa sababu inafunguka kirahisi. Ikiwa chafu inaweza kugomesha mashine, sikatai, hasa hizi za tustroki, zinazochoma oili pamoja na petroli, oili ikizidi kwenye mikisi. Lakini isome kabla ya kuitupa. Umevuta kamba mara kumi na imetoka kavu? Mafuta hayafiki. Imetoka chepechepe? Mafuta yapo, tafuta moto, yaani cheche ya plagi.

"Umande hauwezi kuingia, mashine ina kifuniko."

Unaingia, na hii ndiyo dhana iliyonigharimu zaidi. Mashine nyingi za kamba hazina betri. Moto wake unatokana na sumaku za lile gurudumu la juu, na katika nyingi swichi ya kuzimia haikati moto bali inaumwaga kwenye chuma cha mashine. Kwa hiyo waya wa swichi ukichubuka, au swichi yenyewe ikishika chumvi, unyevu wa usiku unatosha kuizima mashine ambayo hata hujaiwasha. Jua likipanda chumvi inakauka, na mashine inawaka kana kwamba haikuwa na neno.

Mashine ya namna hiyo niliizunguka wiki nzima. Kabureta nilisafisha mara mbili, bure. Mwisho nikaifuata ilikolala, saa kumi na moja alfajiri. Nikachomoa waya wa swichi, nikaegemeza plagi kwenye chuma, mbali na tundu lake maana mvuke wa petroli pale unashika moto. Mwenzangu akavuta kamba: cheche za buluu. Nikaurudisha waya, akavuta tena: hakuna kitu. Tukabadilisha swichi, yakaisha. Kuchomoa huko ni kwa kupima tu, jamani. Ukienda baharini hivyo, siku ukianguka majini ile kamba ya mkononi haizimi kitu na boti inakwenda zake.

"Betri nzima, si unaona taa zinawaka?"

Taa ndogo haimalizi hata amperi moja au mbili; stata, ile mota inayoizungusha mashine iwake, kwenye mashine kubwa hudai zaidi ya 100. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma kama 12.6, ila namba ya maana ni ile ya wakati stata inazunguka. Ikishuka chini ya 9.6 hivi, betri imechoka au haijachajiwa. Isiposhuka na stata bado inajikongoja, umeme unapotea njiani. Weka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha mashine, kisha mtu azungushe ufunguo. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, waya au kiungio ni kibovu. Fanya vivyo hivyo upande wa chanya, kutoka betri hadi boliti ya stata. Nahodha mmoja alinunua betri mbili kabla hatujakata ganda la waya wake wa hasi. Ndani shaba ilikuwa unga wa kijani.

Ufunguo ukizungushwa na pakawa kimya kabisa, tikisa kwanza mkono wa gia kwenye nutro. Stata nyingi hazikubali nje ya hapo, na swichi yake hulegea.

"Ikikohoa, pampu zaidi."

Ule mpira wa kupampu, ulio kwenye hozi ya mafuta, una habari. Ukinywea wenyewe mashine ikitembea, hewa haiingii kwenye tangi: fungua kiskrubu cha kifuniko, au angalia chujio la ndani. Usipokuwa mgumu hata ukipampu, kuna mahali hewa inaingia, mara nyingi ule mpira wa duara kwenye kiungio cha hozi, au vali zake zimekwisha. Kupampu ovyo na choki (ile ya kubana hewa wakati wa kuwasha) imevutwa kunazamisha plagi kwa petroli. Hapo rudisha choki, fungua resi yote, vuta.

"Ikiwa ya moto inakataa, ndivyo zilivyo."

Sivyo. Koili, ile inayokuza umeme wa cheche, ikiwa imepasuka ndani hupoteza moto ikipata joto na kuurudisha ikipoa. Ipime papo hapo inapokataa, si baada ya chai.

Ndiyo maana siku hizi mtu akiniletea mashine inayowaka siifungui. Namuuliza: ilikuwa ya moto au baridi? Stata ilizunguka, iligonga "ta" moja, au kimya? Mpira ulikuwaje? Ikigoma tena usiguse kitu, nipigie, nakuja na mita.

Yule nahodha, betri yake ya pili iko nyumbani kwake. Inawasha taa za sebuleni.