Utupu wa kiroho ni nini, na jumuiya ndogondogo zinaujibuje

Utupu wa kiroho ni hali ya mtu kuendelea na shughuli zake zote, kazi, familia, hata ibada, wakati ndani yake hakuna tena kinachomwambia anazifanya kwa ajili ya nani. Hajaacha kuamini. Mwulize kama Mungu yupo, atakujibu yupo bila kusita. Ila jibu hilo halimfariji akiwa na huzuni, halimzuii akitaka kudhulumu, wala halimwamshi asubuhi. Anasali na maneno yanatoka, anaimba na sauti inatoka, kisha anarudi nyumbani vilevile alivyokwenda.

Tukisikia habari hizi, mawazo ya wengi wetu yanakimbilia Ulaya, kwenye makanisa makubwa ya mawe yenye wazee wachache katika benchi za mbele. Kwetu misa ya kwanza watu wanajaa hadi wengine wanakaa nje chini ya turubai, sasa utupu utatoka wapi? Lakini wingi wa watu kanisani haupimi kilichomo ndani ya mtu mmojammoja. Katika Injili ya Mathayo, sura ya 12, Yesu anasimulia habari za pepo mchafu aliyemtoka mtu, akazunguka huku na huku, kisha akarudi kuiangalia nyumba yake ya zamani: "aiona tupu, imefagiwa na kupambwa". Nyumba ile haikuwa chafu wala haikubomoka. Haikuwa na wa kukaa humo tu. Ndiyo maana utupu hauonekani haraka. Anayeubeba mara nyingi ndiye mwenye maisha yaliyofagiwa vizuri: mwalimu asiyechelewa kazini, mwanakwaya asiyekosa mazoezi, mama ambaye kila harusi ya mtaani yeye ndiye mweka hazina.

Hali hii ni ya zamani kuliko simu na magorofa. Evagrio wa Ponto, mmonaki aliyeishi katika jangwa la Misri na kufariki mwaka 399, aliieleza kwa undani ambao bado unashangaza. Aliiita akedia, na akaihusisha na pepo wa adhuhuri, jina lililotokana na Zaburi ya 91. Anasema humvamia mmonaki kuanzia saa nne na kumzingira hadi saa nane, na saa zake zilihesabiwa kama zetu, kuanzia jua linapochomoza. Jua linaonekana halisogei. Siku inakuwa kama ina saa 50. Mmonaki anatoka nje ya chumba chake kuangalia mchana umefika wapi, anachungulia kama kuna ndugu yeyote anayekuja, anarudi ndani, anatoka tena. Anaanza kuchukia mahali anapoishi na kazi ya mikono yake. Anajiambia kwamba upendo umekwisha kati ya ndugu na hakuna wa kumfariji. Mtu wa leo aliyeketi ofisini saa tano asubuhi, akifungua simu na kuifunga na kuifungua tena wakati hakuna ujumbe mpya, angemwelewa Evagrio bila kufafanuliwa. Dawa ambayo Evagrio aliisisitiza ni kutokimbia: mtu avumilie palepale alipo. Nitalirudia jambo hilo, kwa sababu jibu la Kanisa letu Katoliki, yaani jumuiya ndogondogo, nalo limejengwa palepale mtu anapoishi.

Kabla ya hapo ni lazima tuutenganishe utupu na hali nyingine zinazofanana nao, maana watu wameumizwa kwa kuzichanganya. Ya kwanza ni sonona. Mtu aliyekosa furaha na hamu ya kila kitu karibu kila siku kwa wiki mbili au zaidi, asiyelala au anayelala kupita kiasi, asiyeweza kula, anayejiona hana thamani au anayewaza kifo, anahitaji kuonwa na mtaalamu wa afya. Ni ugonjwa, na unatibika. Kumwambia mtu huyo kwamba imani yake ni ndogo ni kumwongezea mzigo asiostahili, na naomba kiongozi yeyote wa jumuiya anayesoma hapa asimwambie mtu hivyo kamwe. Mpeleke hospitali, na umwombee njiani. Sala na dawa havigombani.

Upweke nao ni jambo jingine. Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018, Japani ikafanya hivyo mwaka 2021, na serikali inaweza kweli kusaidia kwa kufungua kumbi, bustani na usafiri wa wazee. Lakini utupu unaweza kumpata hata mtu mwenye nyumba iliyojaa watoto na wageni. Halafu kuna ukavu wa sala, ambao waalimu wa roho tangu zamani wameuona kuwa sehemu ya safari ya imani. Barua za Mama Teresa wa Calcutta zilipochapishwa mwaka 2007, watu walishtuka kukuta kwamba kwa miongo kadhaa hakuhisi uwepo wa Mungu. Lakini miaka yote hiyo aliendelea kuamka na kuwaosha vidonda waliokuwa wanakufa barabarani. Alikuwa hahisi kitu, na bado alijua anatumwa na nani. Mtu mwenye utupu anaweza hata kuhisi mengi, machozi wakati wa sifa, mwili kusisimka wakati wa mahubiri, na Jumatatu asijue anatumwa na yeyote.

Nini kinauzalisha utupu katika miji yetu? Naona mambo mawili yana uzito kuliko mengine. Kijijini, imani ya mtu ilibebwa na watu wengi kwa wakati mmoja. Bibi alikufundisha Salamu Maria, jirani alijua kama hukufika kanisani, na msiba ulipotokea kijiji kizima kilisimamisha jembe. Mtu akihamia mjini anabeba imani ile peke yake. Anapanga chumba, anatoka alfajiri kuwahi foleni, anarudi usiku, na parokia aliyohamia ina waumini maelfu na mapadre wawili au watatu. Anaweza kukaa benchi moja miaka mitano na asijulikane jina. Jambo la pili ni aina ya mahubiri yanayomweleza Mungu kama njia ya kupata vitu: kazi, mchumba, nyumba, viza. Simlaumu mtu anayeomba kazi. Bwana mwenyewe alitufundisha kuomba mkate wa kila siku. Shida ni kwamba mtu akifundishwa kutafuta vitu tu, vikipatikana hana tena sababu ya kusali, na visipopatikana vilevile.

Maaskofu wa ukanda huu waliona mapema kwamba parokia kubwa haiwezi kumshika mtu mmojammoja. Wale wa Kongo walichagua mwelekeo wa jumuiya hai za Kikristo mwaka 1961. Wa Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, walikutana Nairobi mwaka 1973 na kukubaliana kwamba uhai wa Kanisa ujengwe juu ya jumuiya za mahali watu wanapoishi na kufanya kazi kila siku. Mwaka 1976 walilifanya jambo hilo kuwa kipaumbele cha kichungaji, na mwaka 1979, huko Zomba, Malawi, walikaa kulitathmini. Wazo halikutoka kwenye vitabu tu. Mtafiti Marie-France Perrin Jassy alichunguza makanisa huru, yaani yale yaliyojitenga na makanisa ya wamisionari, miongoni mwa Wajaluo wa Mara Kaskazini, Tanzania, na moja ya mambo yaliyojitokeza ni nguvu ya vikundi vidogo, ambamo kila mtu alijulikana na kila mtu alikuwa na kazi. Kanisa kubwa lilikubali kujifunza kutoka kwa waliolihama. Nalipenda jambo hilo.

Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge, Tanzania, alikwenda mbali zaidi. Miaka ya 1970 alihamia kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga akaishi na kulima na wanakijiji. Alifundisha kwamba Utatu Mtakatifu hatukupewa kama fumbo la kuumiza vichwa. Tumepewa mfano wa kuishi: Baba, Mwana na Roho wanashirikiana kila kitu, nasi tuishi hivyo. Mtu anaweza kubishana na siasa ya vijiji vile, lakini katika suala la utupu Mwoleka aligusa penyewe. Aliona kwamba imani isiyogusa jembe, chakula na mfuko wa mtu itabaki hewani.

Jumuiya ndogondogo yenyewe ni kaya kadhaa za mtaa mmoja, zenye jina la mtakatifu msimamizi, mwenyekiti, katibu na mweka hazina, zinazokutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao kwa zamu. Kwa mitaa mingi ya Dar es Salaam ni Jumamosi alfajiri, kabla watu hawajatawanyika. Wanaingia wakisalimiana "Tumsifu Yesu Kristo", "Milele na milele, amina". Kuna meza ndogo yenye kitambaa cheupe, msalaba na mshumaa, viti vya plastiki vilivyoazimwa kwa jirani, na mkeka kwa ajili ya watoto. Jogoo anawika, daladala inapiga honi barabarani, na mtu anasoma Injili ya Jumapili inayokuja.

Jumuiya nyingi hufuata hatua saba zilizoenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini. Baada ya kumkaribisha Bwana na kusoma, kila anayetaka anachagua neno au kifungu kifupi na kukitamka kwa sauti, bila maelezo. Siku moja, Injili ikiwa ile ya mwana mpotevu, mama mmoja alitamka "alipokuwa angali mbali", akarudia mara tatu, polepole, akanyamaza. Baadaye ikaja hatua ya kimya, dakika tatu au nne ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzijaza. Kwa mgeni dakika hizo ni ndefu kweli. Kisha watu wanashirikishana kilichowagusa, na kanuni ni moja: hakuna kuhubiriana wala kusahihishana. Mzee mmoja fundi seremala alisema yeye amejiona ndiye yule kaka mkubwa, aliyefanya kazi ya baba yake miaka yote na hajawahi kuifurahia nyumba. Alisema, "Mimi nasali tu kwa kuwa nimezoea." Hakuna aliyeruka kumjibu. Kijana aliyekaa karibu naye akasema, "Hata mimi, mzee wangu."

Hapo ndipo jumuiya inapofanya kazi yake. Neno ambalo mzee yule asingeweza kumwambia padre katika foleni ya maungamo, na asingethubutu kulisema mbele ya waumini elfu mbili, alilisema kwenye ua wa jirani, mbele ya watu wanaojua mlango wake. Na hayakuishia kwenye maneno. Hatua ya sita inauliza: Bwana anatutaka tufanye nini wiki hii? Jibu huwa dogo na lina jina la mtu: nani atakwenda kumwona mgonjwa wa nyumba ya pili, nani atampeleka mtoto wa fulani shule kwa kuwa mama yake amejifungua. Siku ile fundi alipewa kazi ya kurekebisha mlango wa mjane, na yule kijana amsaidie kubeba mbao. Mtu ambaye hakuwa anajua anatumwa na nani, sasa ametumwa.

Waluteri wa Kanisa la Kiinjili la Kiluteri Tanzania (KKKT) nao wana jumuiya zao za mitaani, na uamsho uliotokea Gahini, Rwanda, na Uganda kuanzia mwisho wa miaka ya 1920 ulijengwa juu ya vikundi vidogo vya watu waliokubali kusema ukweli wao mbele ya wenzao, jambo waliloliita kutembea nuruni. Madhehebu ni tofauti. Njia ni ileile.

Lakini jumuiya inaweza kuwa tupu pia, na sisi tunaozipenda tunapaswa kulisema waziwazi. Kuna jumuiya ambamo Injili inasomwa kwa dakika tano na michango inajadiliwa kwa saa nzima. Kuna ambazo watu wanahudhuria ili mwenyekiti asije akakataa kusaini barua ya ubatizo wa mtoto au ya ndoa. Mahali pengi akina mama wanajaza viti, wanaume wanahesabika kwa vidole, na vijana hawapo kabisa, wakati vijana ndio wanaobeba utupu mkubwa kwa sasa. Daftari la mahudhurio haliwezi kumrudisha kijana. Nimeona akirudi alipoulizwa maoni yake na yakafuatwa, au alipopewa kazi anayoiweza. Na mtu asiye na mchango wa wiki hii asomewe Neno kama wengine, wala jina lake lisitajwe kwa sauti.

Kama umehamia mtaa mpya na hujui jumuiya yako, nenda ofisi ya parokia siku ya kazi au baada ya misa, utaje mtaa na balozi wa nyumba kumi au jengo lililo karibu nawe. Katibu atakutajia jina la jumuiya na namba ya mwenyekiti. Ukihamia mkoa mwingine, mwombe mwenyekiti wa zamani barua ya utambulisho ili usianze upya. Kwa kawaida hata asiyebatizwa anaruhusiwa kuketi, kusikiliza na kuzungumza. Mpigie mwenyekiti jioni ya siku ya kabla, umuulize wiki hii ni nyumbani kwa nani.