Je, wajua kwa nini skii, ule ubao mrefu unaofungwa kwenye buti kutelezea thelujini, ikiwa nyembamba hushika vizuri zaidi kwenye theluji ngumu kuliko ikiwa pana?

Dereva anayeingia kwenye mchanga wa Msimbati hupunguza upepo ili tairi litandazike, gari lisizame. Ukitazama Olimpiki ya majira ya baridi ukiwa Mtwara na hesabu hiyo kichwani, utasema skii pana ndiyo bora popote. Kwenye theluji mpya, laini, umepatia: upana huibeba skii isizame. Kwenye theluji iliyoganda, hesabu inageuka.

Chukua skii mbili za mlima mzima, yaani zinazotumika ndani na nje ya njia zilizosawazishwa kwa mashine. Moja ina upana wa milimita 80 kiunoni, yaani sehemu yake nyembamba ya katikati, nyingine 100. Theluji ikiwa ngumu, mtelezaji anayekata kona huilaza skii kwa ubavu, na kinachoshika ni ukingo mwembamba wa chuma. Upana uliobaki uko hewani, hausaidii kitu. Tena unagharimu: ukingo wa skii ya kwanza uko milimita 40 kutoka katikati ya buti, wa pili 50. Theluji inaposukuma ukingo, wenzo wa skii pana ni mrefu kwa robo nzima, na mzigo huo unaangukia kifundo cha mguu na goti. Kuhama kutoka ubavu mmoja hadi mwingine nako kunachelewa.

Kona yenyewe inatoka wapi? Kata kipande cha boksi, ncha zake pana, kiuno chembamba. Kiinamishe juu ya meza kwa ubavu: ncha zinagusa, kiuno kinaning'inia. Bonyeza kiuno mpaka kiguse. Kipande kimejikunja, na mstari unaogusa meza umekuwa upinde. Skii hujikunja hivyohivyo chini ya uzito wa mtu, kisha huufuata upinde wake. Inapendeza sana kuliona hilo mezani! Viuno vilivyokatwa zaidi vilienea miaka ya 1990, baada ya kampuni ya Elan ya Slovenia kuleta skii yake iitwayo SCX.

Ila kiuno si kila kitu. Skii pana yenye tabaka la aluminiamu, isiyojisokota, inaweza kuishinda nyembamba iliyo laini. Ncha zilizoinuliwa hupunguza urefu wa ukingo unaogusa theluji ngumu. Ukingo butu huharibu ulinganisho wote, na theluji yenyewe hubadilika: iliyoganda saa mbili asubuhi huweza kuwa rojorojo saa nane mchana. Kwa mlima usiopata theluji mpya mara kwa mara, ya milimita 80 ndiyo ya kuchukua.