Kabla ya kuuliza kama ana wazimu, uliza bunduki iko wapi

Watu wakiuawa kwa risasi Marekani, iwe shuleni, dukani au kanisani, haipiti saa moja kabla mtu hajasema kwenye televisheni: "Huyo alikuwa kichaa." Anayetetea bunduki husema hivyo ili bunduki zisiguswe. Anayetaka pesa za hospitali za akili huitikia, maana linamfaa. Na sisi Waswahili tulio huku tunadakia, kwa kuwa kwetu neno kichaa halina gharama. Ubaya wake ni kwamba halizuii chochote. Halikuambii nani, wala lini, wala ufanye nini Jumanne jioni shemeji yako anapoanza kujaza risasi ndani.

Takwimu kwanza, kwa ufupi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia walichambua mauaji ya watu wengi 1,315 kutoka nchi mbalimbali. Kati ya wauaji waliotumia bunduki, waliokuwa na ugonjwa mkubwa wa akili ni asilimia 8 tu. FBI nayo iliwachunguza washambuliaji 63 wa kati ya 2000 na 2013: robo yao ndio waliokuwa wamewahi kukutwa na ugonjwa wa akili wa aina yoyote, na wenye magonjwa ya kupoteza uhalisia kama skizofrenia walikuwa watatu. Jeffrey Swanson wa Chuo Kikuu cha Duke, ambaye amelifanyia kazi suala hili miaka mingi, hukadiria kwamba hata magonjwa makubwa ya akili yangetoweka kesho, ukatili Marekani ungepungua kwa asilimia 4 hivi.

Ripoti hiyo hiyo ya FBI ina mambo mawili ambayo mimi naona yana uzito kuliko jina la ugonjwa. Kwa wastani, kila mshambuliaji alikuwa ameonyesha dalili nne hadi tano zilizowatia watu wa karibu wasiwasi kabla ya siku yenyewe. Halafu asilimia 40 walinunua bunduki kihalali kwa ajili ya shambulio lile lile, na asilimia 35 walikuwa nayo kihalali tangu zamani. Kwa hiyo watu waliona, na bunduki ilipita mlango wa mbele.

Mahali ambapo maradhi ya akili na bunduki vinakutana kweli ni kujiua. Mwaka 2023 bunduki ziliua watu 46,728 Marekani, na 27,300 kati yao walijiua wenyewe. Anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa takriban mara tisa katika kumi, na hapo hakuna nafasi ya kujuta. Nalisema mapema kwa sababu hatua ninazoeleza hapa chini huokoa zaidi watu wa aina hii, ingawa magazeti huziandika siku ya mauaji ya shuleni tu.

Fomu ya dukani inakamata nani

Sheria ya shirikisho ya 1968 inamkataza bunduki mtu ambaye mahakama au chombo cha kisheria kimemtangaza kuwa hana uwezo wa akili au ni hatari kwa sababu ya akili, pamoja na aliyelazwa hospitali ya akili kwa amri ya kisheria. Soma tena: kwa amri. Aliyejipeleka mwenyewe hahesabiki. Aliyewekwa siku chache ili aangaliwe tu hahesabiki. Anayemeza dawa za sonona miaka kumi hahesabiki, na hapaswi kuhesabika. Naliweka wazi kwa sababu wapo wanaoogopa kumwona daktari wakidhani jina litaingia kwenye orodha ya serikali. Kwa sheria ya shirikisho haliingii. Majimbo mengine yana nyongeza zao: California, mtu akilazwa kwa lazima saa 72 kwa kuwa hatari kwake au kwa wengine, anapoteza haki ya silaha kwa miaka mitano.

Mnunuzi anajaza fomu 4473 kwa muuzaji mwenye leseni, muuzaji anauliza mfumo wa ukaguzi wa FBI uitwao NICS, ulioanza Novemba 1998. Mfumo huu unavuja sehemu tatu. Ya kwanza ni taarifa kutofika. Yule aliyeua watu 32 katika chuo kikuu cha Virginia Tech mwaka 2007 alikuwa ameamriwa na mahakama mwishoni mwa 2005 apate matibabu, lakini bila kulazwa. Jimbo halikuwa likipeleka amri za namna hiyo, kwa hiyo akapita dukani akiwa safi. Ya pili ni siku tatu: FBI isipotoa jibu ndani ya siku tatu za kazi, muuzaji anaruhusiwa kuuza. Ndivyo bunduki ilivyompata aliyeua watu tisa katika kanisa la Emanuel mjini Charleston, Juni 2015. Tangu 2022, kwa mnunuzi aliye chini ya miaka 21, muda unaweza kurefushwa hadi siku kumi za kazi. Ya tatu ni mauzo kati ya watu binafsi wa jimbo moja, ambayo sheria ya shirikisho haiyadai ukaguzi wowote.

Jambo la msingi zaidi ni kwamba ukaguzi unaangalia nyuma. Hausemi lolote kuhusu mtu ambaye mambo yamemharibikia mwezi huu.

Amri ya kuondoa silaha, hatua kwa hatua

Kwa hali ya mwezi huu kuna zile ziitwazo sheria za bendera nyekundu, ambazo humruhusu jaji kuamuru mtu aondolewe silaha kwa muda. Connecticut ilianza 1999, Indiana ikafuata 2005, na baada ya mauaji ya shule ya Parkland, Florida, mwaka 2018 zikaenea hadi zaidi ya majimbo 20. Ni kesi ya madai, si ya jinai: anayeombewa amri hafungwi wala hapati rekodi ya uhalifu. Ila akiivunja amri, huo sasa ni uhalifu, na kwa asiye raia unaweza kumharibia hata karatasi za uhamiaji.

Anza kwa kujua nani anaruhusiwa kuomba jimboni kwako. Florida ni polisi peke yao, kwa hiyo ndugu lazima apeleke habari kituoni. Washington ni polisi na watu wa familia au nyumba moja. California imeongeza walimu, waajiri na wafanyakazi wenza, na usiku wa manane polisi anaweza kumpigia jaji simu akapata amri ya dharura ya siku 21.

Kisha unaandika maelezo ya kiapo, na hapa ndipo maombi mengi hufa. Watu huandika hivi: "Mjomba ni mgonjwa wa akili, ni hatari sana, familia tunaogopa, tunaomba msaada." Jaji hana cha kushika. Linganisha na hili:

"Jumapili tarehe 2 Machi 2025, saa mbili usiku, jikoni kwa dada yangu, alisema kwa Kiswahili: 'Pale kazini nitawamaliza wote, mtaona kwenye habari.' Tulisikia mimi na dada. Jumatano tarehe 5 alinionyesha kwenye simu risiti ya risasi 500. Alifukuzwa kazi tarehe 24 Februari. Ana bastola nyeusi, huiweka droo ya kushoto kando ya kitanda, na bunduki ndefu moja kabatini nyuma ya makoti."

Hapo kuna maneno yenyewe, tarehe, mashahidi, chanzo, na silaha na mahali zilipo. Hakuna jina la ugonjwa hata moja, na halihitajiki.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna mitego miwili midogo. Saa mbili usiku yetu ni saa 8 yao. Nimekwisha kuona tafsiri zenye saa 2, na wakili wa upande wa pili anauliza kwa upole kama usiku ule wa manane dada alikuwa macho kweli. Halafu tarehe 2/3 kwa Mmarekani ni Februari tatu. Andika jina la mwezi. Omba mkalimani mapema, usimtumie mtoto wako, na maneno ya tishio yaandikwe kwanza kwa Kiswahili kama yalivyotamkwa, ndipo yafasiriwe. "Nitawamaliza" na "nimechoka nao" si kitu kimoja, na anayefupisha anaweza kuyageuza.

Jaji akiridhika, hutoa amri ya muda bila kumsikiliza mhusika, mara nyingi ya siku 14 hivi. Polisi humpelekea, huchukua silaha, hutoa risiti yenye namba za kila bunduki, na jina huingizwa NICS ili asinunue nyingine. Ndani ya muda huo kunakuwa na shauri kamili, naye huja na wakili wake. Kiwango cha ushahidi sasa kinapanda: Florida na California lazima uwe wa wazi na wa kushawishi. Amri kamili kwa kawaida ni mwaka mmoja.

Watetezi wa bunduki hulalamikia zile siku za mwanzo, na sioni kama ni malalamiko ya kupuuza. Mahakama ya Juu ya Marekani, katika kesi ya Heller ya 2008, ilisema kumiliki silaha ni haki ya mtu binafsi, na kunyang'anywa haki kabla ya kusikilizwa si jambo dogo. Lakini Heller hiyo hiyo ilisema haitilii shaka makatazo ya zamani kwa wahalifu na wagonjwa wa akili. Mwaka 2024, katika kesi ya Rahimi, majaji wanane dhidi ya mmoja walikubali kwamba mtu ambaye mahakama imemwona kuwa tishio kwa mwenzake anaweza kunyang'anywa silaha kwa muda. Kesi ile ilihusu ukatili wa nyumbani, kwa hiyo haimalizi ubishi wa bendera nyekundu. Kwangu mimi, dawa ya malalamiko ni kufanya kama Colorado, ambako mhusika hupewa wakili, na kumshtaki anayeapa uongo.

Je, zinafanya kazi? Kwa kujiua, utafiti wa Connecticut ulikadiria kwamba kila mara silaha zilipoondolewa kwa watu 10 hadi 20, uhai mmoja uliokolewa. Kwa mauaji ya watu wengi, kuthibitisha ni kugumu, maana unahesabu kisichotokea. Watafiti wa California walieleza kesi 21 za vitisho vya namna hiyo ambako amri ilitumika, na hakuna hata moja iliyofika kwenye risasi.

Zinashindwa pale zisipotumika. Lewiston, Maine, mji wenye wahamiaji wengi wa Kiafrika, Oktoba 2023 waliuawa watu 18. Muuaji alikuwa askari wa akiba aliyelazwa hospitali huko New York mwezi Julai. Septemba mwenzake alimwandikia mkubwa wao kwamba anahofia jamaa huyu atafanya mauaji. Polisi walikwenda nyumbani kwake, hakufungua mlango, suala la silaha likaachiwa familia. Sheria ya Maine wakati huo ilitaka polisi wamkamate kwanza, kisha apimwe na mtaalamu wa afya, ndipo jaji aamue. Tume ya uchunguzi ilikuta kwamba sababu za kumkamata zilikuwepo. Buffalo, Mei 2022, ni vivyo hivyo: kijana aliandika shuleni kuhusu kuua na kujiua, akapelekwa kupimwa, akaruhusiwa. Sheria ya bendera nyekundu New York ilikuwepo. Hakuna aliyeomba. Walikufa watu kumi.

Wakati unasubiri karatasi

Ripoti ya Secret Service, idara inayomlinda rais, ya 2019 ilionyesha kwamba robo tatu ya washambuliaji wa shule waliotumia bunduki waliitoa nyumbani kwa mzazi au ndugu wa karibu. Oxford, Michigan, Novemba 2021, baba alinunua bastola siku nne kabla ya mwanawe kuua wanafunzi wanne. Kufuli ya kebo ilikutwa bado kwenye plastiki yake. Wazazi wote wawili walihukumiwa miaka 10 hadi 15.

Kufuli ya kebo ni waya mnene wenye kufuli ndogo, na vituo vingi vya polisi huitoa bure. Kwa bastola, waya hupita juu kwenye chemba (tundu inamokaa risasi iliyo tayari kupigwa) na kutokea chini, mahali pa magazini (kasha la risasi), hivyo haiwezi kubeba risasi. Mpangilio ndio unaoua watu: toa magazini kwanza, ndipo uvute mtambo nyuma na kutazama chemba kwa macho na kidole. Ukivuta kabla ya kutoa magazini, umejipakilia risasi mpya. Ukitoa magazini ukasahau chemba, bado imebaki moja, na moja inatosha. Usiyejua, usiguse. Ufunguo usikae nyumba ile ile, na risasi zihifadhiwe kwingine. Kumkabidhi rafiki bunduki ni jambo zuri, lakini majimbo mengine hutaka ukaguzi hata kwa hilo; duka lenye leseni au kituo cha polisi ni salama zaidi kisheria.

Akiwa na silaha mkononi au ametaja saa na mahali, piga 911. Sema kwanza ni nani, amevaa nini, silaha iko wapi, na uombe askari aliyefunzwa kwa watu walio katika msukosuko wa akili. Mafunzo hayo yalianzia Memphis 1988 na miji mingi inayo. Toka nje na watoto, mikono ikiwa mitupu. Kama ni mawazo ya kujiua na hakuna silaha karibu, piga 988, simu ya msaada kwa walio katika msukosuko wa akili; ina wakalimani. Sema tu neno Swahili, usikate simu wakinyamaza, wanamtafuta.

Mwisho wa amri ndio unaosahaulika. Mwaka ukiisha bila maombi ya kuiongeza, bunduki hurudi, na maombi hayo mara nyingi hupokelewa kipindi cha mwishoni tu, kutegemea jimbo, kwa hiyo tarehe iwekwe kwenye simu siku ile ile unapopewa karatasi. Washington na majimbo mengine, polisi humjulisha ndugu aliyeomba ajulishwe kabla ya kurudisha. Kuna sehemu ya kujaza namba ya simu. Weka ya mtu asiyebadilisha laini kila mwezi.